Wanataka Kung'oa Sauti ya Mke Wangu Kwenye Kaseti

"Wimbo ni ule ule, akiimba huyu ama yule. Kaseti ni plastiki tu, bana." Hayo ni maneno ya shemeji yangu, kaka ya marehemu mke wangu, aliyonitupia mbele ya watu nyumbani kwetu Bumula. Admin, jina langu liweke kando, lakini makali usipunguze. Nimekuja kumjibu, na najua yeye husoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na minne, nauza vitabu vya mitumba Kitale na naishi mtaa wa Tuwan. Kwangu kuna rafu ya kaseti na santuri za michezo ya jukwaani, ile inayoigizwa kwa nyimbo toka mwanzo hadi mwisho. Mingi ni ya zamani, ya ng'ambo, na siweki pale rekodi yoyote isipokuwa ile ya waimbaji wa kwanza kabisa, walioucheza mchezo kabla ya mtu mwingine yeyote. Watu hunicheka. "Si kuna mpya, safi, haina kelele?" Ndiyo, ipo, na haina uhai. Anayeimba mara ya kwanza hajui kama wimbo utapendwa. Anauimba kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Wanaokuja baadaye wanaingia wakijua chai iko mezani. Hiyo ndiyo tofauti, shemeji, na hakuna mashine ya kuifuta.

Mke wangu alikuwa mwimbaji wa kwanza. Tukiwa vijana, kundi moja la Bungoma lilitunga mchezo wa nyimbo kuhusu binti ambaye babake anauza shamba siku ya harusi yake. Yeye ndiye aliyekuwa binti huyo. Waitikiaji wengine walitoka Bumula, wengine walishuka kutoka Kapsokwony. Walirekodi darasani, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magodoro, na bado mvua inasikika juu ya mabati. Katika wimbo wa mwisho anaingia mapema, anagundua kosa, anacheka kidogo, kisha anaendelea. Nilikipenda kicheko hicho kabla sijaujua uso wake.

Kisha akaja kuugua koo. Madaktari walimpasua, na alipotoka hospitalini hakuwa na sauti tena. Alituita kwa kupiga makofi. Binti yetu alikuwa mdogo mno, hakumbuki mamake akiongea. Mke wangu alinikataza kucheza kaseti ile akiwa ndani ya nyumba, na mimi nikatii. Nilikuwa naisikiliza akienda sokoni, visikizi masikioni, halafu nairudisha rafuni.

Mwaka huu tulimzika. Siku ya kunyoa, siku chache baada ya mazishi, vitu vyake viligawanywa kama desturi yetu ilivyo. Siku hiyo mfiwa hapingi. Anakaa na kichwa kilichonyolewa, anatazama vitu vikienda. Dada zake walichukua nguo na vyombo. Shemeji akapewa redio ya kaseti ya marehemu. Hakuna aliyefungua kijimlango cha redio kuangalia, na kaseti ilikuwa ndani.

Shemeji sasa anaufufua ule mchezo Bungoma. Fundi wa studio amemwambia kompyuta za siku hizi zinaweza kung'oa sauti moja na kuacha zingine. Kwa hivyo mke wangu atang'olewa, waitikiaji wabaki, na pengo lijazwe na mwimbaji mpya. Nilimwomba kopi tu, maana kaseti nyingine ya mchezo huo haipo.

"Nikupe kopi uisambaze, halafu nani atasikiza yetu?" akasema. "Tena tukimaliza tutaichoma. Sauti ya mtu aliyezikwa haifai kuzungushwa ovyo ovyo kwa nyumba. Muache dada yangu apumzike."

Apumzike! Alinyamazishwa na ugonjwa akiwa hai, sasa anyamazishwe na kakake akiwa kaburini, na mimi niite hiyo heshima?

Lakini kilichonivunja si shemeji. Mwimbaji mpya ni binti yetu. Ana miaka kumi na tisa na ameshakubali.

Nilimfokea jikoni. Nilimwambia anamzika mamake mara ya pili. Aliendelea kumenya viazi, akasema polepole, "Baba, hujawahi kujiuliza kaseti iliingiaje kwa redio ya mama?"

Kweli sikuwa nimejiuliza. Mimi nilikuwa nimeiacha rafuni.

"Alikuwa anaicheza ukienda kazini. Alinifundisha huo wimbo wote. Ananishika hapa kwa mbavu, ananionyesha nipumue wapi. Wewe ulikuwa unangoja aende sokoni ndio umsikize. Ulimpenda yule wa kaseti. Mimi nilimuosha huyu asiyeongea."

Nilimuuliza kama anajua kaseti itachomwa. Kisu kikasimama. "Uncle alisema ni yake," akajibu. "Si alipewa mbele ya watu wote?" Tangu siku hiyo tunapishana ndani ya nyumba kama wapangaji.

Sasa sikilizeni. Binti yangu na aimbe. Aimbe jukwaani mpaka Bungoma yote isimame, kwa sauti yake mwenyewe, si ndani ya shimo lililochimbwa mahali pa mamake. Nikienda kusimama kwenye mlango wa studio, yeye ataona baba anayemkataza kuimba, na sina mtoto mwingine. Nikikaa kimya, kile kicheko kinakwisha duniani. Nishaurini, lakini wale wa "muachie Mungu" nendeni ukurasa mwingine.

Nyinyi waitikiaji wa Bumula na Kapsokwony mlioimba darasani siku ile ya mvua, nazungumza na nyinyi. Sauti zenu zimo kwenye kaseti hiyo na hakuna aliyewauliza. Mkiwa hai, studio ni Jumamosi. Nendeni mkamkatalie shemeji yangu, kwa sababu mimi siwezi kumkatalia bila kumpoteza mtoto.