Hapa Wimbo

Kanisani wananiambia nisamehe. Mama mmoja wa kwaya amenishika mkono mara mbili sasa, ananiambia, "Dada, uache ile mambo." Sawa, mama, nitaiacha. Lakini kwanza niiseme yote, maana nikiinyamazia tena nitapasuka.

Nilikuwa mwaka wa kwanza kwenye shule moja ya juu pale Kasongo, sehemu ya lugha. Tulikuwa na somo la utangulizi: fasihi ni nini, sanaa ni nini, falsafa ni nini, lugha ni nini. Profesa mwenyewe hatukuwahi kumwona, alikuwa mbali huko. Aliyefundisha ni asista wake, na viatu vya yule asista viling'aa hata msimu wa mvua, wakati Kasongo nzima inatembea na matope mpaka magotini. Alikuwa anaingia, anafungua karatasi zake, anasoma polepole, sisi tunaandika. "Fasihi simulizi ni sanaa ya neno lisiloandikwa. Nukta." Hata nukta alikuwa anaitamka. "Falsafa ni kujiuliza: ninachodai kujua, nimekijuaje? Nukta." Niliipenda ile sentensi, nikaiandika tena kwenye jalada la daftari. Mungu anisamehe, hata yeye mwenyewe nilimpenda kidogo, maana nilikuwa sijamsikia mtu anayeongea namna ile.

Akatupa kazi. Kila mmoja alete hadithi ya kwao, aiandike, aonyeshe wahusika, mandhari na dhamira. Wenzangu wengi walijilaza kitandani wakatunga za uongo. Mimi, mjinga wa watu, nikapanda pikipiki kwenda Wamaza kwa koko yangu, mama aliyemzaa mama yangu. Wanaoijua barabara ile wanajua: sehemu nyingine pikipiki inakubeba, sehemu nyingine wewe na dereva ndio mnaibeba.

Nilimkuta koko uani anabangua karanga. Nikamwambia ninachotaka, akacheka, akasema shule yenu iko na njaa kweli. Kisha akanipa hadithi ya mjane aliyepanda mpunga bondeni huku akiimba, na ndege mmoja akausikia wimbo, akaupenda, akakubali kumlindia shamba. Mpunga ulipoiva, shemeji wa mjane akaja na vikapu vyake. Shamba hili ni langu, anasema, ni la ndugu yangu marehemu. Ndege akamwambia, "Ni lako? Vizuri. Imba wimbo uliopandia." Yule bwana akafungua mdomo, hakuna kitu. Kila suke aliloshika likawa majani makavu mkononi mwake.

Sasa, pale ndege anapouliza, kuna wimbo. Ni Kibangubangu cha zamani, maneno mengine hata mama yangu hayajui. Kwetu huwezi kupita pale bila wimbo. Wasikilizaji wanaweka mikono magotini, wananyamaza, wanangoja. Na hauinuliwi na mtu yeyote tu, hata kama ameusikia mara mia. Anauinua mwenye hadithi au yule aliyepewa naye. Koko alinipa mimi. Siku mbili nzima aliniimbisha kati ya karanga na jiko, mpaka nikaushika. Nilipochukua kalamu akanichapa mkono. "Hii haiandikwe! Hii inabebwa mu kinywa." Basi kwenye daftari, mahali pake, niliandika maneno mawili tu: Hapa wimbo.

Daftari lile sikurudishiwa. Niliuliza mara moja, asista akasema liko kwenye kabati.

Mwaka uliofuata ikatoka silabusi mpya ya utangulizi, kile kitabu cha somo. Naifungua, nakutana na mjane wangu. Maneno yangu, mkato kwa mkato. Na katikati, bila haya: Hapa wimbo. Chini yake: Imekusanywa na kufafanuliwa na, halafu jina lake lote, refu kama treni. Na ufafanuzi wenyewe? Dhamira ya hadithi hii ni umuhimu wa kilimo. Kilimo! Mtu anaiba hadithi ya mwizi, anaisoma mpaka mwisho, haoni mwizi ndani yake. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia.

Sikusema neno. Ukimgusa asista unarudia mwaka, hilo kila mwanafunzi analijua.

Mwaka wa tatu niliandika kazi yangu ya kumaliza masomo juu ya hadithi za koko, na ile ya mjane niliiweka humo. Ningeiachaje? Siku ya kuitetea, baba alikaa mstari wa mbele na koti lake la Jumapili. Asista akasimama, akainua silabusi juu watu wote waione. "Huyu binti amenakili kitabu changu." Nikasema hadithi ni ya koko yangu, nilimpa kwenye daftari, daftari analo yeye. "Daftari gani?" anauliza, anatabasamu kabisa. Mkuu wa sehemu, mzee anayeamini karatasi kuliko mdomo wa mtu, akakata shauri: kabla ya kikao cha pili nilete ushahidi, au niandike barua ya kuomba radhi na kukiri kwamba niliiba. Bila hivyo, diploma hakuna.

Tulitembea na baba mpaka nyumbani. Mlangoni akanigeukia akauliza, kwa sauti ndogo, "Ni kweli uliiba?"

Baba yangu mzazi. Hapo ndipo kitu kilikatika ndani yangu. Nilisema moyoni, wewe bwana, nitakupata, na nitakupata mbele za watu.

Kila mwaka asista alikuwa anawapeleka wanafunzi wa kwanza kijijini, wakaone fasihi simulizi ikiwa hai, ndivyo alivyoiita. Kwenye daftari langu niliandika tu kwamba hadithi inatoka Kabambare, na Kabambare ni pana, ina vijiji kama nini. Wamaza kwake lilikuwa jina tu. Msichana aliyekuwa mkubwa wa darasa lao alikuwa rafiki yangu. Nikamwambia, "Mwambie Wamaza. Mwambie wamama wa kule wanajua kusikiliza, na watamchinjia mbuzi." Asista akameza bila kutafuna. Mkuu wa sehemu naye akasema atakwenda, nadhani kwa ajili ya mbuzi. Mimi nikatangulia siku mbili.

Koko nilimkuta amekonda. Kifua chake kilikuwa kimechoka tangu masika. Kuongea aliweza, kuimba hapana. Nilimwambia tu kwamba atakuja mwalimu kuhadithia, asikilize vizuri. Kuhusu diploma sikumwambia. Nilitaka asikie mwenyewe kwa masikio yake.

Wakafika mchana, matope mpaka mgongoni, viatu vya asista vimepakwa rangi upya, sijui aliviosha wapi. Wamama walikaa kwenye mikeka mbele ya kanisa, koko katikati yao, mimi nyuma yake, kitenge kichwani mpaka kwenye macho. Asista akatoa silabusi. Akasema, "Leo nawaletea hadithi ya mababu zenu, ambayo nyinyi wenyewe mmeisahau." Nawaambia kweli, alisema hivyo.

Akaanza kusoma. Kwenye sentensi ya pili wamama wakaanza kutazamana. Koko aliinamisha kichwa, anasikiliza. Ndege akauliza: imba wimbo uliopandia. Mikono yote ikaenda magotini.

Asista akavuka, akaendelea na majani makavu. Mama mmoja akamkatisha, "Baba, ngoja. Wimbo?"

"Wimbo umepotea," akasema. "Ni kawaida katika fasihi simulizi."

"Umepotea wapi?" Wakacheka. Lakini mikono haikutoka magotini.

Ndipo koko akainua kichwa, akauliza taratibu, kwa heshima kabisa, "Baba, hii hadithi, nani alikupa?" Eh, nilisikia raha mpaka kwenye mifupa. Miaka yote ile alitusomea kwamba falsafa ni kuuliza umekijuaje, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye.

"Niliikusanya," akasema.

"Kwa nani?"

Akamtazama mkuu wa sehemu, akatutazama sisi. "Kwa koko mmoja wa upande huu. Alishakufa. Poleni."

"Pole ya nini, baba?" koko akamuuliza. "Mimi nilikufa lini?"

Mama we! Wamama waliangukiana. Wanafunzi wake wenyewe walishika mbavu. Mkuu wa sehemu tu hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na niliona anaanza kuelewa.

Kicheko kilipoisha, mikono ilirudi magotini. Hadithi ilikuwa bado imesimama pale kwenye wimbo, na kwetu hadithi haiachwi pale. Wamama wakanigeukia. Koko naye akageuka, akaninyanyulia kidevu: inua. Nilikuwa nao wimbo, wote, nilikuwa nausikia kooni. Lakini nilijua nikiuinua, yule bwana atavuka. Atafunga karatasi yake, watu watapiga makofi, atasema aliiacha makusudi ili tuimbe wenyewe. Aka! Nikauma meno. Nilitaka abaki pale, kwenye jua, na mdomo wake mtupu. Alibaki. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Mwishowe alikunja silabusi akaenda kukaa kwenye kivuli, na hakuna aliyempisha kwenye mkeka.

Diploma niliipata. Mkuu wa sehemu alizungumza na koko jioni ile ile, na kikao cha pili hakikuchukua hata nusu saa. Baba aliniomba radhi, alilia. Na asista? Bado anafundisha, nasikia, lakini jina lake lile refu limekwisha kazi. Kasongo nzima ya wanafunzi inamwita Hapa Wimbo. Akipita sokoni wanamwimbia hayo maneno mawili. Niliyeanzisha ni mimi, na sijuti hata kidogo.

Ila jioni ile Wamaza, kabla sijaondoka, koko aliniita. "Nilikungoja," akasema.

"Koko, nilikuwa ninamfunga yule mwizi."

"Niliona. Ulimufunga vizuri. Lakini mimi nilitaka kusikia kama umeibeba."

Nikamwambia nitamwimbia likizo, sasa nina haraka, pikipiki inangoja, mkuu wa sehemu anataka karatasi zangu. Nilikuwa na furaha ya kisasi mpaka kooni, wimbo ungepitia wapi? Mvua zikaja, barabara ikafungwa, na habari ya kifo chake ilinifikia siku nne baada ya kuzikwa.

Nilipofika matangani, wamama walisimulia hadithi ya mjane kwa ajili yake. Ikafika pale. Mikono magotini. Nikasimama. Mstari wa kwanza ulikuja, wa pili ukaja. Wa tatu sikuukuta. Nilirudia mwanzo mara tatu, watu wanangoja, wengine wanalia, na wa tatu hakuna. Siku ile ya asista nilikuwa nao. Naapa nilikuwa nao.

Sasa nafundisha sekondari hapa Kabambare. Somo langu la kwanza kila mwaka ni fasihi ni nini, na kila mwaka nawapa ile hadithi, maana sina nyingine ninayoipenda kama ile. Wiki iliyopita niliifikisha kwa ndege, nikageuka ubaoni, nikaandika: Hapa wimbo. Nilipowageukia, msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye mama yake ni wa Wamaza, alikuwa ameweka mikono magotini.

"Tunangoja, Madamu," akasema.

Yule bwana ndiye aliyeniibia wimbo. Siyo mimi, ni yeye, na mama wa kwaya asiniambie kitu. Nikawaambia wachukue kalamu. Nikasoma polepole: fasihi simulizi ni sanaa ya neno lisiloandikwa, nukta. Wote wakaandika, isipokuwa yule msichana.