Siku ya Tisa ya Kusafisha Mwili

Siku ya saba ya kusafisha mwili, Milimita alikimbia. Karakana nzima ya kushona sare ilinyamaza kumtazama, maana kwa miaka ishirini na tatu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku ile soketi ya umeme ilipotoa moshi na wengine wakatorokea dirishani. Alivua glavu ya chuma, akaitupa juu ya kitambaa, akanyakua ufunguo wa choo kwenye msumari ulio nyuma ya kiti cha msimamizi, na kukata uwanja kama anayefukuzwa na nyuki.

"Mzee, si uihamishie meza huko huko?" mpiga pasi alimpigia kelele. "Vitambaa tutakuletea!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Milimita hakucheka. Kule chooni aliegemea ukuta kwa mikono yote miwili, jasho likimtiririka, akawaza jambo moja tu: zimebaki siku saba.

Alikuwa mkata vitambaa. Jina la Milimita alipewa na wenzake kwa sababu hakukubali kuambiwa "hapo hapo" wala "kama hivi". Ukimwambia koti linabana kidogo, atakuuliza kidogo ngapi. Meza yake ilikuwa na urefu wa mita nane, na juu yake alitandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka hadi sitini, akachora kwa chaki, kisha akapitisha mashine yenye wembe uliosimama wima, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya glavu ya chuma. Mshonaji akikosea, anaharibu koti moja. Yeye akikosea, ameharibu makoti sitini, na ndiyo maana hakuwa na mzaha akiwa mezani.

Basi mtu wa namna hiyo aliingiaje kwenye mambo ya pakiti za unga wa kijani? Aliingizwa na binti yake.

Huyu alikuwa kitindamimba, pekee aliyebaki nyumbani baada ya mama yao kufariki na kaka zake kuoa. Alifanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Wiki moja akapunguzwa kazini, na wiki hiyo hiyo mchumba wake akamwandikia ujumbe wa simu wa mistari miwili, kwamba mambo yameisha. Binti akaingia chumbani. Alikaa humo miezi minane, akitoka kwa ajili ya bafu na maji ya kunywa tu, nywele zikiwa zimeshikana, macho yamevimba. Milimita alibembeleza, akagomba, akanyamaza. Alimletea chakula, kikarudi kama kilivyokwenda. Asubuhi moja alijikuta amesimama nje ya mlango, pumzi ameibana, akisikiliza kama mtoto wake anapumua. Hajawahi kuogopa hivyo maishani, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Kisha akaja shoga wa binti na begi la pakiti na kijitabu chenye picha za watu wanaocheka. Kesho yake Milimita aliamka akakuta taa ya sebuleni inawaka. Binti alikuwa ameoga. Alikuwa amechana nywele. Pakiti zilipangwa mezani kwa safu, zimenyooka, akajua damu ni yake.

"Baba, nahitaji mteja wa kwanza," alisema, na akatabasamu.

Siku hiyo angemwomba anywe mafuta ya taa, mzee angeuliza tu kikombe kipi.

Masharti yalikuwa ya siku kumi na nne. Unga wa kijani kwenye maji ya vuguvugu mara tatu kwa siku, mchuzi wa mboga usio na chumvi, hakuna chai, hakuna nyama, wala kidonge cha aina yoyote.

"Hata vya presha?" Milimita aliuliza. Vidonge hivyo alikuwa amevimeza kila asubuhi kwa miaka sita.

"Kijitabu kinasema dawa zote zipumzishwe. Na zenyewe ni kemikali, Baba. Wiki mbili tu, kwani ni nini?"

Akaviweka vidonge juu ya kabati, mbali na macho.

Siku ya pili kilianza kichwa. Mtu aliyezoea vikombe sita vya chai, ukimkatia ghafla, kichwa lazima kimlipizie. Kilimgonga utosini tangu asubuhi, kila mashine ya kushona ikilia anaisikia ndani ya meno. Alipofika nyumbani akamweleza binti, na binti akapiga makofi. "Safi sana! Hiyo ndiyo sumu inatoka," alisema, akafungua daftari na kuandika. Siku ya nne ulimi ulivaa utando mweupe na mdomo ukanuka hadi mpiga pasi, ambaye hanyamazi kwa lolote, akamwekea peremende mbili kiganjani bila neno. Siku ya tano ngozi ilimwasha kuanzia mgongoni hadi nyuma ya masikio, na alipoinama bombani kunawa uso dunia ikazunguka. Angeanguka kama asingeshika ndoo.

Hilo nalo alimweleza. Safari hii kalamu ilisimama. Binti alimtazama, na uso wake ukaanza kuporomoka polepole, pale pale mbele yake.

"Kwa hiyo unataka kuacha," alisema. Ile ilikuwa sauti ya chumbani, sauti ya miezi minane.

"Nani kasema kuacha?" Milimita alidakia. "Mbona nilikuwa sijamaliza? Baada ya kizunguzungu ndiyo nikajisikia mwepesi! Mwepesi kabisa, mama. Kama kijana."

Kalamu ikaanza tena.

Kuanzia hapo chumvi aliyonyimwa kwenye mchuzi akaitia kwenye maneno. Analala usingizi wa mtoto. Magoti hayaumi. Anasoma kibao cha barabarani kutoka mbali. Binti aliandika yote, akayasoma kwa sauti kwenye simu kwa watu ambao Milimita hakuwajua, akicheka kicheko chake cha zamani. Tuseme ukweli, ulikuwa ujinga, na mzee alijua ni ujinga. Lakini kicheko kile alikuwa amekikosa miezi minane, na mwili wake aliuona ni kitu kidogo cha kutoa.

Siku ya tisa akafanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hupigwa marufuku kulifanya.

Kitambaa cha makoti ya walinzi kina uso na mgongo. Ukikata mikono ya koti, tabaka moja hulala uso juu na linalofuata uso chini, ili kila mkato utoe mkono wa kulia na wa kushoto. Milimita alitandaza matabaka yote sitini uso juu. Macho yalikuwa yanaona vinyota, shingo imekaza, masikio yanavuma, na mikono ikafanya kazi bila yeye. Akachora, akakata, akafunga mafungu kwa kamba na kuyapeleka kwa washonaji. Robo saa baadaye fundi wa kuunganisha alikuja na vipande viwili, kimoja kila mkono, ameviinua juu.

"Mzee wangu," aliuliza taratibu, "hawa walinzi wana mikono miwili ya kushoto?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Mpiga pasi aliweka pasi chini na kutazama pembeni. Milimita alivishika vile vipande, akavipindua, akavipindua tena, kana kwamba kimoja kingegeuka kwa kuombwa. Msimamizi alikuja, akaangalia fungu lote, akamwangalia na yeye.

"Mzee, unaumwa?"

"Siumwi."

"Nenda nyumbani. Kesho tutaongea. Na mashine usiiguse tena leo, nakuomba, utajikata vidole."

Njiani palikuwa na duka la dawa, na miguu ilimpeleka yenyewe. Dada muuzaji alimfunga mkanda wa kipimo cha presha mkononi, akapampu, akatazama, akafungua na kufunga upya. Kipimo kilisoma mia moja tisini na sita kwa mia moja kumi na nane.

"Baba, dawa zako umemeza leo?"

"Nimezipumzisha."

"Umezi-nini?" Dada alikaa kwenye stuli mbele yake ili macho yalingane. "Nisikilize vizuri. Hivi ulivyo unaweza kupooza ukiwa unavuka barabara. Chukua kadi yako ya kliniki uende hospitali sasa hivi, na usiende peke yako. Una mtu?"

"Ninaye," Milimita alijibu.

Alipofungua mlango wa nyumbani alisikia sauti mbili sebuleni. Binti alikuwa ameketi na Mama Pacha, jirani wa nyumba ya pili, mama wa watoto wawili wa miaka mitatu, ambaye alikuwa anajidunga sindano za ugonjwa wa sukari kila asubuhi. Mama Pacha alikuwa na pakiti ya unga mkononi, anaigeuzageuza.

"Kwa hiyo na sindano nazo niache?" alikuwa anauliza.

"Unazipumzisha tu, dada. Wiki mbili. Huyu hapa Baba! Ameacha vidonge vya presha siku ya tisa leo. Mtazame alivyo. Muulize mwenyewe."

Walimgeukia wote wawili. Binti alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo Milimita hakuwa ameliona tangu siku za kliniki ya meno, na uso wake uling'aa kwa fahari. Mzee alishika kizingiti. Alitaka sana kusema ndiyo. Neno dogo, na mtoto angeendelea kung'aa. Akamwangalia Mama Pacha, ambaye watoto wake walisikika wakigombania kitu huko nje kwenye ngazi.

"Sindano usiache," alisema.

"Baba?"

"Usiache hata siku moja, Mama Pacha. Mimi natoka duka la dawa. Presha imepanda, wameniambia nikimbilie hospitali. Leo nimeharibu kazi ya watu. Kichwa kinapasuka. Kizunguzungu hakijaisha tangu kianze." "Yale ya magoti, ya usingizi, ya macho, nilikuwa naongopa."

Mama Pacha aliiweka pakiti mezani kama kitu cha moto. Alisema pole, akasema samahani, akatoka akiwaita wanawe kwa majina yote mawili kwa mpigo.

Binti aliivuta ile pakiti mbele yake.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya tano."

"Nimewasomea watu kumi na mmoja." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa nini hukuniambia?"

Milimita aliacha jibu zuri, akatoa la kweli. "Ulikuwa umechana nywele."

"Kumbe ulikuwa unanihurumia," binti alisema. "Nilidhani nafanya kazi, Baba. Kumbe ulikuwa unanihurumia."

Hilo lilimchoma kuliko kichwa. Binti alichukua simu na kuanza kuwapigia wale kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, amesimama, machozi yakidondoka kwenye gauni la bluu. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: kama una dawa ya hospitali, endelea nayo, nilikosea. Mmoja alimtukana, Milimita akayasikia matusi yote kutoka alipokuwa amekaa. Wawili hawakupokea, akawaandikia. Alipomaliza alivuta kiti hadi kabatini, akashusha vidonge na kadi ya kliniki, akavitia kwenye mkoba bila kumtazama baba yake.

"Twende."

Walitoka. Binti alitangulia hatua mbili tatu, mgongo umenyooka. Milimita alimfuata akijishikilia kwenye kuta za maduka. Hakujua kama kesho huyu mtoto angeamka au angejifungia tena. Alijua kwamba kama angejifungia, mkono wake mwenyewe ungekuwemo. Kwenye kona miguu ilikataa. Akasimama.

Binti naye akasimama, bado amempa mgongo.

"Kuanzia leo," alisema, "ukiumwa utaniambia unaumwa. Mimi si yai."

"Sawa."

"Unaumwa?"

Hata siku ya mazishi ya mkewe, mzee alipoulizwa hali alijibu kwamba hajambo.

"Naumwa, mwanangu," alisema. "Naumwa sana. Naogopa."

Ndipo binti alipogeuka, akarudi zile hatua tatu, na kumshika.