Vidole Viwili Juu ya Tairi

Kabla ya kuwa fundi nililinda ghala karibu na uwanja wa ndege wa Dubai, na zamu zile ndefu ndizo zilizonifundisha magari. Nilisoma vitabu vya ufundi, nikachora kila nilichoelewa. Nilipopata kazi katika gereji moja ya Al Qusais, nilijua hesabu ya springi vizuri kuliko nilivyojua kuifungua. Ndiyo maana namshukuru mpaka leo mzee aliyetuletea gari lake akasema nilishughulikie mimi.

Mzee huyo alitoka katika familia ya zamani ya Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kitulivu kuliko chetu sote. Gari lilikuwa la Kimarekani, la siku nyingi, lenye boneti ndefu na injini ya silinda nane. Alilinunua kwa mshahara wake wa ujana. Kisha akapasuliwa mgongo, na zile springi za kizamani, vyuma bapa vilivyolaliana, zikawa zinamrusha kwenye kila tuta. Alitaka tulifungie miguu ya gari la spoti la kisasa, yaani springi na shokamzoba zake.

“Nikifika Hatta kule milimani na kurudi mzima, nitabaki nalo,” alituambia. “Nisipoweza, yuko mtu anataka kuliweka dukani kwake liangaliwe. Mie sitaki gari la kuangaliwa, lakini nitafanyaje?”

Tulipata gari la spoti lililopinduka. Paa lilikuwa limebonyea lakini miguu yote minne ilikuwa mizima. Mchomeleaji wetu, mtu wa Mombasa, alikata fremu ya zamani na kushikiza vipande vipya kwa nukta ndogo za moto, kisha akanisubiri nipime kutoka katikati ya gari hadi kila gurudumu. Alinung’unika kwamba watu wa bara kama mimi wangeweza kupima hata chai. Hata hivyo hakumalizia kuchomelea kiungo hata kimoja kabla sijamwambia kiko sawa.

Injini iliporudishwa mahali pake, tuliazima magunia ya mchele kwa mfanyabiashara wa mtaa wa Naif tukayaweka kwenye kiti cha dereva, yafanane na uzito wa mwenye gari. Mchomeleaji akauliza kama mzee ni basmati au pishori. Tukapanga kimo cha gari hivyo, nasi tukafanya kama wafanyavyo wote wanaoyapenda magari haya: tukalishusha mpaka tairi likajificha ndani ya bodi. Mzee alikuja, akalizunguka akitabasamu, akaomba mbele lishuke kidogo zaidi. Tukalishusha.

Alilijaribu kwenye barabara ya nyuma ya gereji, yenye matuta. Aliporudi alishuka polepole, mkono mgongoni.

“Mmefanya kazi nzuri,” akasema. “Lakini mgongo haujui kazi nzuri.”

Nilimwomba asimpigie yule mtu wa duka kwanza. Akakubali, ila nilimwona ameshakata tamaa.

Gerejini kila mtu alisema springi ni ngumu, tutafute nyingine. Nilirudia hesabu zangu, nazo zikanijibu vilevile: springi zilikuwa sahihi kwa uzito ule. Basi nilifunga kamba ya plastiki kwenye fimbo ya kila shokamzoba, ili gurudumu likipanda kamba isukumwe ibaki pale lilipofikia. Nikapita matuta yale yale. Tulipoliinua gari, kamba zote zilikuwa zimesukumwa hadi kwenye raba ya mwisho, ile inayozuia chuma kisigonge chuma. Springi hazikuwa na hatia. Tulilishusha gari mno hata gurudumu halikuwa na nafasi ya kupanda, na kila tuta liligonga raba, raba ikamgonga mzee.

Mchomeleaji alichuchumaa akazigusa kamba. “Kumbe tumemkalisha mzee wa watu kwenye raba,” akasema.

Kulipandisha ilikuwa kazi nyepesi, kuzungusha ringi zilizo chini ya springi. Kilichonitia wasiwasi ni kumwambia mwenyewe, kwa vile alivyolipenda likiwa limelala.

“Mzee,” nikamwambia, “likae chini lipendeze, au lipande likubebe. Yote mawili sitaweza. Patabaki pengo la vidole viwili juu ya tairi.”

Alijitazama mkono. “Vidole vyangu au vyako?”

“Vyako, mzee.”

“Basi pandisha. Uzuri wake nishauona, sasa nataka safari.”

Tulilipandisha, nikapanga upya magurudumu, maana kimo kikibadilika nayo huhama. Aliondoka asubuhi peke yake. Ikafika adhuhuri bila habari. Mchomeleaji alisema ama mzee amepona, ama amelala kando ya njia analitaja jina langu. Sikucheka.

Kisha simu ikaita. Mzee alikuwa Hatta, amesimama nje ya mkahawa na kikombe cha chai. Alisema amesimama kwa kupenda tu, hakuna kinachomuuma, alhamdulillah. Akaniambia niwashukuru wenzangu mmoja mmoja.

“Na yule mtu wa duka?” nikauliza.

“Nishamwambia khalas, atafute jingine.”

Nikamuuliza kama usukani unavuta upande wowote. Nikasikia mlango ukifungwa, na injini ikanguruma.

“Hilo sikuliangalia,” akasema. “Ngoja nikuangalizie. Narudi kwa njia ya mbali.”