Afisa wa Kijerumani Anunua Jibini

Jirani yetu wa ghorofani ni mwigizaji. Jukwaani aliwahi kuwa padri na mume wa kudanganywa, lakini kwenye sinema za Belgrade hakuna filamu ya Vita vya Pili vya Dunia asimouawa akiwa afisa wa Kijerumani. Hata akinunua vitunguu hukohoa kwanza, kama anayetaka kutoa amri.

Jumamosi sokoni, Bibi Stamenka muuza jibini alimwona, akafunika pipa lake la jibini.

"Sikuuzii! Umetuchomea kijiji, mwanaharamu wee!"

"Bibi, ile ni sinema tu."

"Sinema gani? Mimi nilikuwepo!"

Sisi tuliokuwa karibu tukaangua kicheko. Jirani akavua kofia, akagonganisha visigino kwa mazoea, akainamisha shingo yake ndefu.

"Tusamehe, bibi. Tulikosea."

Bibi akafunua pipa, akamkatia kipande kikubwa.

"Chukua. Miaka yote hii, ni wewe tu uliyekuja kuomba radhi."