Mpaka Yanapoanguka Maji

Wazee wa mume wangu walipogawa shamba hapa Kinyangiri hawakupanda minyaa ya mpaka. Walisema mpaka ni pale maji ya korongo yanapoanguka: juu kwetu, chini kwa mdogo wake. Mwamba haukimbii, walisema.

Mimi niliuona unakimbia. Kila msimu wa mvua maporomoko yale, yenye kimo cha mtu, yalisogea juu, upande wangu, hatua mbili au tatu. Na vitunguu vilivyowalisha wanangu tangu baba yao afariki vilikuwa hapo hapo ukingoni. Mimi si mtu wa kuamini mpaka unaotembea wenyewe. Nikaanza kumchunguza shemeji.

Asubuhi moja nikamwona anashuka korongoni na mtaimbo begani. Alipopanda, suruali ilikuwa imejaa vumbi la mawe. Nikamsalimu, akaitikia huku anatazama pembeni. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Nikaenda ofisi ya kijiji, nikasema shemeji anabomoa mwamba anidhulumu ardhi. Akaitwa, akakana, akaonywa. Tangu siku hiyo hakukanyaga korongoni, na kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha.

Mvua iliponyesha, nikajibanza kichakani mchana kutwa kumvizia. Hakuja. Kwa kukosa wa kumtazama, nikatazama maji. Juu palikuwa na bamba la jiwe jeusi, gumu. Chini yake mwamba laini, wa kukwanguka kwa kucha. Maji yakianguka yaligeuka na kuula ule wa chini tu, hadi bamba likabaki linaning'inia kama paa lisilo na nguzo. Kisha likakatika, likaondoka na matuta yangu mawili ya vitunguu. Hata hapo nilichungulia kama kuna mtu aliyelivuta kwa kamba.

Jioni nikaenda kwa shemeji. Niliona aibu, lakini nikamwomba radhi, kisha nikamwuliza mtaimbo ule ulikuwa wa kazi gani.

"Kung'olea mawe kule chini kwangu," akasema. "Nilikuwa nayashindilia chini ya lile bamba, lisianguke na vitunguu vya watoto wa kaka."

Nikamwuliza mbona hakusema ofisini.

"Ungeniamini?" akauliza. "Uliponishtaki, shemeji, nikaacha."