Hodi Tatu za Mwende

Siku ya kwanza Mwende kuja kwetu, nilikuwa nimekaa uani nakata mihogo ya mamangu. Mama huuza kachiri, vile vipande vya mihogo ya kukaanga, kule ufukweni Mama Ngina, jioni watu wanapotoka kupunga upepo, na kazi yangu kila nikitoka shule ilikuwa kumenya mihogo na kuikata vipande vyembamba hata uone mwanga upande wa pili. Ilikuwa Jumanne tu, siku isiyo na jambo. Mara mlango ukapigwa ngumi, du du du, na kabla sijanyanyuka mtu ameshafika uani na begi la shule mgongoni.

"Mishi! Kitabu changu cha hesabu umekuja nacho wewe?"

Bibi yangu alikuwa mkekani akichambua mchele. Akamtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Mwanangu, mlango ule wakukosea nini?"

Mwende hakujua kama anaulizwa kweli ama anatukanwa. "Shikamoo nyanya. Ulikuwa wazi."

"Marahaba. Na ungetukuta twaoga?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mwende yeye alicheka. Alikuwa mgeni mtaani. Babake alikuwa karani wa ghala Shimanzi, wametoka Ukambani, na mwezi ule walikuwa wamehamia vyumba viwili mwisho wa kichochoro chetu, hatua chache kutoka barabara ya Ndia Kuu. Darasani alikalishwa dawati langu kwa sababu kwangu ndiko kulikuwa na nafasi. Mimi nilikuwa na nafasi siku zote.

Nikamtoa nje, nikamfundisha kule kule mlangoni. Unasimama pembeni, usichungulie. Unaita hodi. Ukinyamaziwa, unangoja kidogo, unaita ya pili. Halafu ya tatu. Ya tatu isipoitikwa, wenyewe hawako au hawataki mtu, unaenda zako na wala huudhiki.

"Hata kama nawasikia ndani?"

"Hata kama."

Akajaribu. Sauti ya Mwende ilikuwa kubwa kuliko kichochoro. Aliita hodi moja tu, na jirani wa nyumba ya pili akaitika kutoka kwake, "Karibuu! Nani?" Bibi alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Tukawa marafiki kwa njia hiyo. Sijui kueleza vizuri, maana sikuwa nimepata rafiki kabla yake. Mimi ni mtu nikiulizwa jambo mbele za watu koo hukauka. Mwalimu akinitaja, Mwende alikuwa akisema, "Anajua huyu, mwalimu, ni aibu tu. Ngoja atakuandikia." Wenzetu wakacheka, na hawakunicheka mimi. Tulikata mihogo pamoja mwaka mzima. Vipande vyake vilikuwa vinene na mama alivikaanga hivyo hivyo.

Kisha vita vikaja. Magazeti yaliandika uhalifu na magenge. Kwetu watu walisema vita, nami nitasema hivyo. Vilianza kwa kijana wa mtaa wa juu kuchomwa kisu, kwa ajili ya simu, wengine wakasema kwa ajili ya msichana. Wa juu wakaja chini kulipiza. Wa chini wakapanda. Wiki ya pili walikuwa wakitembea kwa makundi, ishirini, thelathini, mapanga mikononi, na hawakumtafuta tena fulani. Aliyekutwa njiani ndiye. Tuliwajua wengi wao. Mmoja alikuwa akimbebea Bibi gunia la makaa.

Tukajifunza mambo mapya. Kupika mapema. Kutokaa karibu na dirisha. Tuktuk zikawa haziingii, zinakushusha barabarani. Polisi walipiga risasi hewani na moshi wa kutoa machozi ukaingia mpaka chumba cha ndani, Bibi akafunikwa uso kwa kanga iliyoloweshwa maji. Muuza kahawa wetu alikatwa begani na hakurudi kibarazani pake. Shuleni nusu ya madawati yalikuwa matupu, ila letu lilikuwa na watu wawili. Mwende alinipitia kila asubuhi, akaita hodi moja, nikatoka.

Alhamisi ile mama alitoka saa tisa. Alikuwa hana budi kwenda kuuza.

"Tia komeo," aliniambia. "Usimfungulie mtu. Mimi nikirudi nitakupigia simu niko hapo nje. Wanisikia?"

"Nakusikia."

"Mtu yeyote, Mishi."

Bibi alikuwa amelala juu. Baada ya alasiri nikasikia milango ya maduka ikiteremshwa, mmoja baada ya mwingine, ikitoka upande wa Ndia Kuu kuja kwetu. Halafu miguu ya watu wakikimbia. Halafu kimya.

Nikashuka nikasimama nyuma ya mlango.

"Hodi."

Nilimjua. Hili sikumwambia mtu miaka mitatu: nilimjua kwa hodi ya kwanza. Alikuwa akitweta.

"Hodi, Mishi."

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Kwa mbali palikuwa na mlio wa panga likiburutwa ukutani. Walikuwa na mchezo huo, kuburuta panga kwenye ukuta wakitembea ili usikie.

Nilijiambia nikifungua wataingia naye. Nilijiambia Bibi yuko juu. Vyote ni kweli. Na kweli pia koo lilikauka kama linavyokauka darasani, na mkono nao ukakauka.

"Hodi."

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya adabu, kama ya mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Hakuita tena. Hakupiga ngumi.

Nikasikia champali zake zikiondoka.

Yowe lilikuwa moja.

Alikuwa ametumwa maziwa. Walimkuta kwenye kona, kati ya mlango wetu na wa kwao, akanyanyua mkono wenye maziwa. Jirani yule aliyemwitikia karibu siku ya kwanza ndiye aliyetoka akamfunga kanga mkononi. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na cha jirani yake, havikupatikana kuunganishwa. Mimi wakati huo nilikuwa bado nimesimama pale pale. Mama aliporudi alinikuta hapo.

Nilikuwa na daftari la kuandika mambo yangu ya kila siku. Ya Alhamisi ile nimeyasoma mara nyingi. Yako maneno mawili: Leo sikutoka.

Jumapili mama alinipeleka hospitali. Nilisimama nyuma yake. Mwende alikuwa amelala, mkono umefungwa mkubwa kama mto.

"Pole, mwanangu," mama alisema. "Mbona hukukimbilia kwetu?"

"Nilikuja, mama. Niliita hodi."

Mama akageuka akanitazama. Nami nikasema, "Tulikuwa juu na Bibi. Hatukusikia."

Mwende akatazama dari. "Hawakusikia," alisema. "Sauti yangu mimi ni ndogo."

Hakuna aliyecheka. Mama alimbusu kipaji cha uso, tukatoka. Sikurudi tena kumtazama. Kila siku nilisema kesho. Alipotoka hospitali, babake alikwishahamisha vitu vyao Changamwe, karibu na ndugu yake, na kile kichochoro hakukikanyaga tena.

Vita viliisha bila mtu kututangazia. Wazee wakaitwa, polisi wakachukua vijana, wengine wakapelekwa na mama zao kwa jamaa mbali. Yule wa gunia la makaa alizikwa. Bibi alikwenda matangani. Maduka yakafunguliwa. Dawati letu shuleni lilibaki na mtu mmoja mpaka mwisho wa mwaka, na nilipoingia kidato kingine nikatafuta la pembeni mwenyewe, asije mtu. Mwende alinitumia Idi njema. Nami nikamtumia Krismasi njema. Miaka mitatu tulikuwa marafiki wa sikukuu.

Likizo iliyopita nilimwandikia aje Mama Ngina. Niliandika nikafuta mara nyingi. Alikuja. Amerefuka. Alimwamkia mama, akapewa kachiri zenye pilipili na ndimu, tukaenda kukaa ukutani mbali na watu. Alikula kwa mkono wa kushoto. Niliangalia, akaniona naangalia.

"Mwende, siku ile nilikuwepo."

"Siku gani?"

Alijua siku gani.

"Sikuwa juu. Nilikuwa nyuma ya mlango."

Akatafuna mpaka akameza. "Najua. Mlango wenu umekaa juu juu, una nafasi chini. Niliona vidole vya miguu yako."

Yeye akaendelea kula.

"Mbona hukumwambia mama?"

"Akupige? Ingenisaidia nini?"

"Na kwa nini hukuita tena? Ungepiga kelele. Ungepiga ngumi."

Akafikiri kweli kweli. "Nilidhani utafungua kwa ya tatu. Hukufungua, nikaona nikimbilie kwetu. Basi. Usinifanye malaika, Mishi, sikuwa na mawazo mengine yoyote."

"Nisamehe."

"Mlango si kitu. Labda hata mimi nisingefungua." Akakunja karatasi ya kachiri, akaikunja tena kwa vile vidole vitatu. "Nililala hospitali siku kumi na moja. Saa za kutazama wagonjwa zikifika nilikuwa naangalia mlangoni. Wamekuja mpaka wasichana wa darasa la jirani, watu sijapata kuongea nao. Wewe ulikuja mara moja, ukajificha nyuma ya mamako."

"Niliona haya."

"Wewe uliona haya. Mimi nilijifunza kuandika upya kwa kushoto, na rafiki wa kunicheka hakuwako."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Miaka mitatu nilikuwa nimejitayarishia mlango. Usiku na mchana nilikuwa nikiufungua ule mlango kichwani, kumbe yeye alikuwa ananidai wodi, siku kumi zilizokuwa salama kabisa, hakuna panga, ungepanda tuktuk tu ukaenda.

"Tutakuwa kama zamani?" nilimwuliza.

"Sijui. Wewe njoo tuone."

Kwa hiyo naenda. Kila Jumamosi nikimaliza mihogo ya mama navuka kwenda Changamwe. Siku nyingine Mwende hunifurahia, siku nyingine huwa kama mtu aliyesahau kuwa nakuja. Ana marafiki watatu wa hapo hapo, wasichana wa kelele kama yeye, wanaomjua kwa vidole vinane tu na hawavitazami. Wanakaa barazani wakisukana na kutaniana mambo ya shule yao. Wakiangua kicheko mimi huwa sijui kumetokea nini. Mwende hunitazama, akawanyamazisha wenzake, akaanza kunieleza toka mwanzo, yule mwalimu ni nani, na kiatu kilikuwa cha nani, na nani aliyekificha. Hunieleza mpaka nielewe. Halafu mimi hucheka, wao wakiwa wameshamaliza.