Mpaka Kikapu cha Kwanza

Hakuna kitu Verlin Stuckey alichokichukia kama ule muziki wa ofisi ya tikiti. Unapiga simu, unaambiwa simu yako ni muhimu sana kwetu, halafu unaachwa na vifilimbi mpaka sikio linapata moto. Umuhimu gani huo? Alikuwa amekaa jikoni kwake, kusini mwa Indiana, theluji imejaa uani, mguu mmoja sakafuni na wa pili haupo. Kisukari kiliuchukua mwaka juzi.

"Ofisi ya tikiti, Chuo cha Tolliver, Courtney hapa."

"Binti, nataka tikiti mbili, mechi ya mwisho ya mpira wa kikapu wa wasichana. Moja ya kiti cha magurudumu, moja ya mke wangu."

"Zipo, babu. Jukwaa la katikati, nyuma ya safu ya kumi na mbili."

"Na pale chini kando ya uwanja? Kwenye mchoro naona alama ya kiti cha magurudumu."

"Ah, pale msimu huu tumeweka makochi ya wafadhili."

"Makochi."

"Ndiyo, babu. Lakini hapo katikati unaona uwanja wote."

"Na watu wakisimama?"

Courtney akacheka. "Si unajua mambo yetu, babu. Ni mpaka kikapu cha kwanza tu. Kidogo tu."

Anajua sana! Tolliver hakai mtu mpaka timu ya nyumbani ifunge kikapu cha kwanza. Mjamzito anasimama, mchungaji anasimama, na Verlin mwenyewe, fundi wa mabasi ya shule, alisimama miaka yote alipokuwa na miguu ya kusimamia. Akanunua, akakata simu, akasonya.

Jumapili mjukuu wake Brynn akaja kula. Imogene, mkewe Verlin, alikuwa amepika kuku na tambi, akazimwaga juu ya viazi vya kuponda. Huyo Brynn alijifunza kutupa mpira kwenye ringi iliyopigiliwa kwenye ukuta wa gereji ya babu yake. Miaka minne yuko timu ya chuo, na miaka minne yote ameshika taulo na kupigia wenzake makofi. Babu yake hajamwona akicheza hata mara moja.

"Babu, kocha ananianzisha," alisema, mdomo umejaa viazi. "Sisi wa mwaka wa mwisho tunaanza wote, ndiyo desturi. Tukifunga tu cha kwanza, mimi natoka."

Imogene alipiga kelele za furaha mpaka mbwa akabweka. Verlin aliweka uma chini.

"Mpaka kikapu cha kwanza," alisema.

"Ni kidogo tu, babu. Lakini nitakuwa uwanjani!"

Kesho yake akapiga tena simu, akavumilia tena vifilimbi. Hakutaka kochi la mtu. Aliomba asogezwe tu pembeni ya hayo makochi, mjukuu wake acheze, kisha arudi zake juu. Courtney akaenda kumuuliza bosi. Bosi akasema haiwezekani, ni suala la usalama. Yaani kochi zima la ngozi, na mfadhili juu yake na sahani ya mabawa ya kuku, hilo ni salama. Mlemavu kwenye nafasi aliyochorewa yeye, huyo hatari! Loo, watu wana nyuso kavu!

Siku ya mechi waliwahi. Nafasi yake kule juu walikuta imewekewa ndoo ya kupigia deki na maboksi ya fulana, na sakafu inanata jibini iliyomwagika. Imogene akaisukuma ndoo kwa mguu. Mbele yao akaja kukaa jitu moja pana, sweta jekundu, jina lake Denny, na ndoo yake ya bisi. Verlin akaona amwombe mapema.

"Kaka, mjukuu wangu anaanza leo. Anatoka wakifunga cha kwanza. Mkisimama, mimi sioni kitu."

"Mjukuu wako!" Denny akawageukia wenzake. "Jamani, safu hii leo tunakaa. Kwa ajili ya babu!"

Safu nzima ikaitikia. Mama mmoja alimpapasa Verlin bega kama anavyopapaswa mtoto wa mbwa. Denny akamkaribisha bisi.

"Umeona?" Imogene akamnong'oneza. "Watu wema hawa."

"Na wewe je?"

"Mimi! Nisimame niende wapi? Niko ubavuni kwako, mzee wangu."

Taa zikazimwa, zikawaka, majina yakaitwa. Lilipoitwa la Brynn, ukumbi ukapiga yowe, mpira ukarushwa juu, na Denny akasimama. Safu nzima ikasimama naye. Hawakusimama kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi: walikuwa wameshamsahau.

"Kaeni! Jamani, kaeni, mliniahidi!"

Nani amsikie? Mbele ya macho yake kulikuwa na makalio ya Denny, mshono wa suruali umekaza, punje mbili za bisi zimegandia pale. Akasukuma gurudumu kushoto, nguzo. Kulia, mgongo wa yule mama mpapasaji. Akasikia mpira ukidunda, viatu vikilia sakafuni. Akanyoosha mkono amvute Imogene mkono wa sweta, aseme naye, na mkono wake ukashika hewa.

Imogene alikuwa amesimama. Viganja mdomoni, visigino juu.

Ukumbi ukalipuka.

"Brynn!" Imogene alikuwa akilia. "Ni Brynn amefunga! Kwa mkono wa kushoto, Verlin, kama ulivyomfundisha!"

Ndipo watu wakakaa, safu baada ya safu, na uwanja ukafunguka wote mbele yake, mweupe, hauna kizuizi. Brynn alikuwa ameshafika benchi, taulo shingoni. Alikuwa akiangalia juu, akiwatafuta, akawaona, akapunga mkono. Verlin akapunga.

Imogene akakaa, anapangusa macho. "Umeona, mzee wangu? Umeona?"

"Nimewaona mkikaa," alisema Verlin.